Mikono ya Watoto Wetu
Maneno ya walimu wa masomo ya msingi siku ya Jubilei ya parokia



Padri Paroko alipotuita kusema mbele yenu siku hii kubwa, tulidhani tutawahesabia watoto waliobatizwa, waliopokea Komunyo ya kwanza, na wale walioshinda mtihani wa TENAFEP. Hesabu hizo mtazikuta katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi walimu tumeomba ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo ambalo haliandikwi katika kitabu cha matokeo, nalo ni ginsi ya kumfundisha mtoto mdogo kuwaza kitu, kukichora, kukipima, na kukitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Na kwa kuwa jambo hilo limefungamana na ile nyumba ndogo iliyo nyuma ya sakristia, tutasema pia habari ya nyumba ile. Wajumbe wa Baraza la parokia wanajua kwa nini.

Tuanze kwa kuungama. Miaka mingi ratiba yetu ilikuwa na saa iliyoitwa kazi za mikono. Kila mzee aliyesoma hapa anajua maana yake: kukata majani, kuchota maji, kubeba mawe, kulima shamba la mwalimu. Mtoto aliyechelewa asubuhi aliongezewa mistari miwili ya kulima. Wengine kati yetu tulikulia katika nyakati za Zaire, wakati wa salongo, raia wote walipoamriwa kufanya kazi ya bure kila juma, nasi tukaiingiza desturi ile darasani bila kujiuliza. Mtoto alijifunza nini? Alijifunza kwamba jembe ni adhabu, na kwamba siku atakapokuwa mtu wa maana hataligusa tena. Kisha tukashangaa kumwona kijana mwenye diploma amekaa barazani akingojea kazi ya biro, huku mlango wa mama yake umeng'oka bawaba mbele ya macho yake.

Si sisi tu. Programu ya mashule ya mwaka 1929, wakati wa utawala wa Wabelgiji, ilitia mkazo mkubwa juu ya kulima na kazi za mikono, na wazee wetu wengi walisema kwamba mzungu anataka mtu mweusi abaki na jembe. Hawakukosa kabisa. Kazi isiyoambatana na akili, wala na hesabu, wala na uhuru wa kujaribu, haimkuzi mtu. Basi mzazi anapotuambia leo kwamba hakumleta mtoto wake kwetu ili awe seremala, twajua maneno hayo yanatoka mbali, na hatumkasirikii.

Lakini tuliona pia mambo mengine. Wandugu, tunaomba mwinue macho. Tazameni mbao zinazobeba paa la kanisa hili. Ule mbao mrefu unaolala kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, na ile miwili inayopanda na kukutana juu, na ile midogo inayosimama mshazari katikati: kila mahali mnaona umbo la pembe tatu. Bruda aliyejenga kanisa alikata mbao hizo katika ile nyumba ndogo ya nyuma, pamoja na vijana wa hapa, ambao baadhi yao wamekwisha kulala katika makaburi yetu. Mwaka mmoja, mtoto wa darasa la nne alimwuliza mwalimu wake, baada ya Misa, kwa nini mbao za juu zinakaa hivyo. Mwalimu hakuweza kumjibu. Alikuwa ameingia katika kanisa hili tangu ubatizo wake, na hakuwahi kujiuliza.

Swali lile ndilo lililotuanzisha. Tulichukua vijiti vinne, tukavifunga kwa kamba kwenye pembe, tukawapa watoto wasukume. Umbo likalala upande. Tukafunga vijiti vitatu: wakasukuma, wakavuta, halikulala. Halafu wakaligeukia dawati lililokuwa linatikisika tangu mwaka uliotangulia, wakapigilia mbao mmoja mshazari nyuma ya miguu yake, likatulia. Tangu siku ile watoto wametengeneza madawati 23 ya masomo yetu kwa ginsi hiyo. Feza ambazo zingelipa fundi zimebaki katika sanduku la kamati ya wazazi.

Wageni wetu watatuuliza kama hayo si kazi ya shule za ufundi. Ni kweli, Kanisa katika nchi yetu halikukosa shule hizo. Wasalesiani walifika Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, mwaka 1911, wakafungua huko shule ya ufundi. Na hapa kwetu Kivu, Don Bosco Ngangi mjini Goma inajulikana na wote. Tunawashukuru. Lakini shule hizo humpokea kijana aliyekwisha kukua. Sisi twasema juu ya mtoto wa miaka saba mpaka kumi na miwili. Hatutaki kumpa cheo cha fundi. Tunataka ajue kwamba vitu vyote vinavyomzunguka, toka kijiko mpaka daraja, kuna mtu aliyeviwaza. Na kwamba yeye pia aweza kuwaza. Na programu ya taifa inatupa ruhusa, maana imeweka teknolojia pamoja na hesabu na sayansi katika masomo ya msingi. Ila vitabu vinaonyesha picha za vitu, na mwalimu anaandika majina yake ubaoni, na mtoto anayanakili katika daftari. Somo linaishia hapo.

Tuwaeleze basi tunavyofanya. Hatuanzi kwa mbao wala kwa msumari. Tunaanza kwa kuuliza: ni nani mwenye shida, na shida yake ni nini? Mwaka wa kwanza tuliwapeleka watoto wa darasa la tano kwa mama mmoja mzee wa shirika la jirani, mjane, anayepika peke yake. Watoto walimsalimu, wakakaa, wakamwangalia. Waliona kwamba kiti chake cha kupikia ni cha chini sana, na kila mara anapotaka kusimama hushika ukuta wenye moto wa jiko karibu. Walimpima kutoka goti mpaka chini. Wakarudi wakachora kiti, wakakitengeneza kwa miguu minne, wakampelekea kwa furaha kubwa. Kikatikisika. Sakafu yake ni mawe ya volkano yaliyosagwa, haina sehemu iliyo sawa. Wakakata mguu mmoja, kikatikisika upande mwingine. Wakakata tena, mpaka kiti kikarudi kuwa kifupi kama kile cha zamani, na mama yule akacheka mpaka machozi. Mtoto mmoja, mkimya sana darasani, ndiye aliyesema tutoe mguu mmoja kabisa. Wenzake walimzomea. Lakini miguu mitatu haitikisiki mahali popote, hata juu ya mawe. Tulipojaribu, tukaona shida nyingine: mtu akiegemea sana upande, kiti cha miguu mitatu humwangusha. Ikabidi kuitanua miguu kwa nje. Kiti cha nne ndicho anachokalia mama yule mpaka leo. Vile vitatu vya kwanza tumevihifadhi, maana vinafundisha kuliko kile kizuri.

Kupima pia tulikufundisha kwa njia yetu. Katika Kitabu cha Mwanzo Mungu alimpa Noe vipimo vya safina: mikono 300 kwa urefu, 50 kwa upana, 30 kwenda juu. Tuliwapeleka watoto wa darasa la tatu katika kiwanja cha mpira, kila mmoja apime urefu wa safina kwa mkono wake, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mkono wa mtoto wa umri huo ni kama sentimeta 33, na safina yake ikafika karibu mita 100. Mkono wa mwalimu ni sentimeta 46. Safina yake ikafika mita 138, ikatoka nje ya kiwanja, ikaingia katika maharagwe ya Masista. (Tuliwaomba msamaha Masista siku ile, na leo tunawaomba tena.) Watoto walibishana sana nani kati yao ana safina ya kweli. Baada ya mabishano hayo hakukuwa na haja ya kuwaeleza kwa nini watu wote duniani wameona lazima kuwa na mita moja.

Sasa chukudu. Wageni waliotoka mbali wameiona njiani wakija: ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayobeba magunia ya viazi, makala na mbao kutoka milimani mpaka sokoni. Wengi husema ilizaliwa hapa Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Mwaka 2009 mji wa Goma uliisimamishia sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, nasi hatujui mji mwingine uliokiheshimu namna hiyo chombo cha maskini. Hakuna injinia aliyetumwa na serikali kuibuni. Ni watu wa vijiji vyetu, wenye mzigo mzito na mteremko mkali, waliotazama mti wa mkaratusi na matairi mabovu, wakawaza. Kwa nini basi tutafute mifano ya teknolojia katika kitabu cha ng'ambo, na chukudu inapita mbele ya mlango wa darasa?

Tulimwomba mzazi mmoja, mwenye kazi hiyo, kuilaza chukudu yake juu ya meza mbele ya darasa la sita. Watoto waliichora kutoka upande, kisha kutoka juu. Hapo wengi waligundua kwamba hawajawahi kuitazama, ingawa wameipanda tangu wakiwa wadogo. Wakaona usukani unavyogeuza gurudumu la mbele, ubao wa kupigia goti wenye kipande cha kambambili juu yake ili goti lisiumie, ukanda wa tairi uliopigiliwa kuzunguka gurudumu, na kipande cha raba nyuma kinachokanyagwa ili kupunguza mwendo. Kisha kila kundi likatengeneza ndogo, yenye urefu wa mkono mmoja. Duara la gurudumu walilichora kwa msumari na uzi. Kundi moja halikuangalia sana, tundu la katikati likatobolewa pembeni kidogo, na chukudu yao ikaenda ikirukaruka kama chura. Darasa zima lilicheka, nao wakaona haya. Lakini hakuna mtoto wa darasa lile atakayesahau katikati ya duara ni wapi. Breki iliyo bora ilitengenezwa na kundi la wasichana. Wao waliweka raba pana zaidi, wakaijaribu mara nyingi katika mteremko wa njia ya kisima, wakihesabu kila mara ni hatua ngapi chombo kinakwenda kabla ya kusimama. Twasema hivyo kwa makusudi, maana kuna wazazi waliotuambia tusiwape binti zao msumeno.

Mbabula ilitufundisha sisi walimu zaidi ya watoto. Mnajua bei ya makala, na mnajua kwamba makala mengi yanayouzwa Goma hutoka katika misitu ya Virunga. Swali tulilowapa watoto: mama atapikaje chakula kilekile kwa makala kidogo zaidi? Walitengeneza mbabula ya mabati mawili, moja ndani ya lingine, wakajaza udongo wa mfinyanzi katikati ili joto lisitoroke. Jioni ile moto ulizimika. Wakawasha tena, ukazimika. Tulikuwa tumesahau sisi wote, wakubwa na wadogo, kuacha nafasi ya kutosha kwa hewa kuingia chini. Walipotoboa matundu, maji yakachemka, na kopo moja la makala likatosha mahali ambapo mbabula ya kawaida iliomba kopo na nusu. Hatudai kwamba ni uvumbuzi. Majiko ya namna hiyo yanajulikana katika nchi nyingi. Lakini watoto hawakulisoma jambo hilo. Walilipata.

Tuongeze neno juu ya lugha. Katika madarasa ya kwanza tunafundisha kwa Kiswahili, lakini sisi wenyewe tulisoma kwa Kifaransa, na siku ya kwanza katika atelye hatukuwa na maneno. Tulimwita mzee seremala, mmoja wa wale vijana wa Bruda, ndiye aliyetufundisha: hii ni randa, hii ni patasi, hii ni tupa. Mzee yule hakumaliza masomo ya msingi. Alipoona walimu watano wameshika daftari wakiandika maneno yake, alinyamaza kidogo, kisha akaomba kiti.

Hatutaki kuwaonyesha upande mmoja tu. Tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza kwamba masomo ya msingi ni ya bure, kama Katiba ya mwaka 2006 inavyoagiza, watoto wamekuja kwa wingi. Tunamshukuru Mungu kwa kila mmoja wao, maana wengi walikuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa franga. Lakini darasa lenye watoto zaidi ya 60 na mwalimu mmoja si mahali pa visu na misumeno. Mwaka huohuo mtoto mmoja alijikata kidole, akashonwa. Kosa lilikuwa letu. Tulikwenda kwa wazazi wake usiku uleule, nao walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Tangu hapo tuna sheria: watoto sita tu kwa mara moja ndio wanaogusa chombo chenye makali, na mtu mzima anasimama karibu nao, wengine wanachora, wanapima, wanasugua mbao kwa msasa, au wanaandika hesabu ya vifaa. Kazi inakwenda polepole. Hatuoni njia nyingine.

Na yule mzazi wa seremala? Tulimwalika akae nyuma ya darasa asubuhi moja. Mtoto wake ni yule ambaye ubaoni hawezi kutoa hesabu bila kulia. Siku ile alikuwa na mbao wa mita 3 na sentimeta 60, na kazi yake ilikuwa kukata vipande vinne vya sentimeta 85. Alisema mara moja: vinne ni mita 3 na sentimeta 40, zinabaki 20. Kisha akasimama akiwaza, akasema: hapana, hazitafika 20, kwa sababu msumeno nao unakula mbao kila unapopita. Baba yake hakutuambia kitu. Jumamosi iliyofuata alituletea kilo ya misumari.

Kuna mawazo mengine yanatusumbua, nayo hatuwezi kuyamaliza hapa. Huko Rubaya, katika Masisi, watu wanachimba mawe yanayokwenda ng'ambo kufanya vyombo vya ndani ya simu, na katika mashimo hayo watoto wa rika la wanafunzi wetu wameonekana pia. Simu inarudi kwetu ikiwa imekwisha kufungwa. Nasi twainunua, na ikiharibika twaitupa. Somo letu la vijiti na kamba ni dogo sana mbele ya jambo hilo. Tunajua.

Injili inatuambia kwamba watu wa Nazareti walimjua Yezu kuwa seremala, na kwamba walitumia neno hilo kwa dharau. Hatukukaa muda mrefu juu ya habari hiyo katika katekisimu yetu, sisi walimu, kabla ya kuingia katika ile nyumba ya nyuma.

Basi tuifikie nyumba hiyo. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ilipozitwaa shule za Kanisa, atelye ya Bruda ilifungwa. Mapatano ya mwaka 1977 yalirudisha shule mikononi mwa Kanisa, lakini atelye haikufunguliwa; iliwekwa viti vibovu na vitu vya maandamano ya Ekaristi. Sisi tuliifungua tena kwa ruhusa ya Padri Paroko aliyetangulia. Katika kikao chake cha mwisho Baraza la parokia lilipata barua ya mfanyabiashara mmoja anayetaka kuipanga kwa kuweka simenti yake, na feza za kodi zingesaidia kumaliza ukuta wa parokia. Ukuta unahitajiwa, hatukatai. Usiku wa wizi wa mwaka jana tulikuwepo sote. Lakini tunawaomba, wazee wetu wa Baraza, mbele ya Baba Askofu na mbele ya wageni, msiipangishe nyumba ile kabla ya kuja kuiona ikiwa na watoto ndani. Njoni Jumanne au Alhamisi, saa nne ya asubuhi. Msitupe habari mapema, ili msikute tumefagia.

Tukibakizwa, tunaahidi mambo matatu tunayoweza: kutengeneza madawati yote ya masomo na viti vya kanisa bila malipo; kuandika kila chombo katika kitabu, ili randa za Bruda zisipotee; na kuwafungulia vijana wa mashirika siku ya Jumamosi, akiwapo yule mzee seremala, maadamu Mungu anampa nguvu. Tukiombwa kutoka, tutatoka kwa utii, na kuomba mahali pengine chini ya mwembe au chini ya baraza, kama tulivyoanza. Ila mvua ya hapa mnaijua.

Baada ya Misa, vitu vya watoto vimepangwa juu ya meza mbele ya mlango wa atelye: vile viti vinne vya mama mzee, mbili kati ya zile chukudu, mbabula, na ile iliyorukaruka kama chura, ambayo wenyewe wameomba iwekwe pia. Watakaowaeleza ni watoto, si sisi. Bati la pembeni linavuja, mjihadhari na maji mlangoni. Ufunguo uko kwa Padri Paroko.